Kiuno kimelia "ka!" nikiwa na gunia mikononi: je, nimekwisha?

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 36, ni kibarua wa kupakia na kupakua kwenye ghala hapa Dar es Salaam, kazi niliyoianza nikiwa na miaka 21. Tunashusha saruji ya kilo 50, mahindi na mpunga, na magunia mengine ni lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo. Semi ya tani 30 ya saruji tunaishusha watu sita. Wiki sita zilizopita niliinama kuchukua mfuko wa chini kabisa, nikageuka nao kumpa mwenzangu, kiuno kikalia 'ka!' Nilimalizia gari hivyo hivyo kwa sababu tunalipwa kwa gari zima. Kesho yake sikuweza kushuka kitandani, nikalala siku kumi. Sasa kiuno kimepoa kidogo, lakini maumivu yanashuka kwenye tako la kulia mpaka chini ya goti, na kidole gumba cha mguu kina ganzi. Nachomwa sindano za diklofenaki, nikipata nafuu narudi kazini, jioni naumwa upya. Eksirei imesema pingili zimesagika. Mama anasema ni ngiri, jirani anasema figo, nyapara anasema ninunue mkanda na nijifunze kubeba. Kuna fundi anataka kunivuta mgongo. Nina watoto watatu. Je, nimekwisha? Niache kazi? Na nikirudi, nibebeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari wa upasuaji, na watu wa kazi yako ndio ninaowaona kila siku: wapakiaji wa maghala, makuli wa sokoni, wasukuma mikokoteni, saidia fundi. Hujakwisha. Kwa jinsi ulivyoeleza, una jeraha ambalo mara nyingi hupona bila kisu, ila halitapona kwa mtindo huu wa sindano asubuhi na saruji mchana. Nitakueleza kwa nini.

Kabla hatujaendelea, kuna jambo la kufanya leo hii, maana barua haiwezi kukupima. Shika ukuta, tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu. Kisha tembea hatua kumi kwa ncha za vidole. Kama mguu wa kulia unashindwa kubaki juu, unaburuta au kandambili inakuvuka bila wewe kujua, huo ni udhaifu wa msuli na si maumivu tu. Nenda hospitali ndani ya siku moja au mbili, usingoje miadi ya mwezi ujao. Na lipo jambo zito zaidi ya hilo. Mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila kujua, choo kikikuponyoka, ganzi ikishika makalio, mapaja kwa ndani na sehemu za siri, au miguu yote miwili ikianza kulegea, hiyo ni dharura ya saa, hata ikiwa saa nane usiku. Mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo imebanwa, na ikicheleweshwa inaweza isirudi. Kwa Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ndiko kesi za namna hii hupelekwa. Pia, kwetu huku kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo. Ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, unakonda bila sababu, na mgongo unauma hata ukiwa umelala tuli, mwambie daktari hayo yote. Usimweleze habari za gunia peke yake, kwa sababu gunia linaweza kuficha ugonjwa mwingine.

Kama hayo yote huna, twende kwenye figo na ngiri.

Mama hajakosea kuitaja ngiri. Wabeba mizigo huipata kweli, nami huwauliza wote. Lakini ngiri ni uvimbe kinenani unaojitokeza ukikohoa au ukinyanyua kitu, na kwa kawaida hurudi ndani ukilala. Haitii ganzi kidole cha mguu. (Ikitokea uvimbe huo ukakaza, ukauma na ukakataa kurudi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.) Maumivu ya figo hukaa juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu za mwisho, hayajali sana ukiinama au ukinyooka, na aghalabu huja na homa, kichefuchefu, mkojo wa kuchoma au wenye damu. Maumivu yako yana njia yake: kiuno, tako, paja, chini ya goti, kidole gumba. Njia hiyo ni ya mzizi wa mshipa wa fahamu unaotoka kati ya pingili za chini kabisa za kiuno. Tunaiita siatika.

Sasa, kitu gani kililia "ka"? Kiunoni una pingili tano kubwa, na kati ya kila pingili na mwenzake kuna diski. Nje ya diski ni nyuzi ngumu zilizopishana tabaka kwa tabaka, ndani ni ute mzito unaobeba uzito. Ukiinama mgongo ukiwa umekunjika, ute husukumwa kuelekea nyuma. Ukigeuka hapo hapo, nusu ya nyuzi zile hulegea na nusu nyingine hubeba kila kitu. Nyuzi zilizokwisha kuchoka huchanika, ute hupenya na kuchomoza nyuma, mahali mzizi wa mshipa unapopita. Ute huo haubani tu, unawasha mzizi kama dawa kali, ndiyo maana mguu unauma hata usipofanya lolote. Siwezi kuapa bila kukupima kwamba ndivyo ilivyotokea kwako, lakini maelezo yako yanalingana na hilo kuliko na jambo lingine lolote.

Watu wengi wanaamini mgongo huharibiwa na gunia moja zito, au na siku moja ya kubeba vibaya. Nyapara wako anaamini hivyo. Mara chache ndivyo ilivyo. Kinachouchosha mgongo ni uzito, umbali wa mzigo kutoka mwilini, na idadi ya mara, vikizidishana siku baada ya siku bila muda wa kujijenga upya.

Tuanze na umbali, maana ndio unaodharauliwa. Fikiria bembea ya ubao ambayo mtoto mdogo amekaa mwisho kabisa wa upande mrefu, na mtu mzima amekaa karibu na mhimili upande wa pili. Mtoto anamnyanyua. Kiuno chako ndicho mhimili. Misuli ya mgongo iko nyuma yake kwa sentimita tano au sita tu. Mzigo wa kilo 20 ulioushika sentimita 50 mbele huilazimu misuli hiyo kuvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 200, na uzito wa kichwa, kifua na mikono yako bado haujahesabiwa. Nguvu yote hiyo ya kuvuta inazigandamiza diski. Hii si nadharia tupu. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo vya kifaa kilichowekwa ndani ya diski ya mtu aliyejitolea. Ukilinganisha na kusimama tu, kushika kilo 20 karibu na kifua kulipandisha shinikizo zaidi ya mara mbili. Kuziinua kwa kukunja magoti kulilipandisha zaidi ya mara tatu, na kuziinua mgongo ukiwa umekunjika, karibu mara tano. Kilo ni zile zile 20.

Kwa sababu hiyo, Taasisi ya Marekani ya Usalama na Afya Kazini, NIOSH, ilipoirekebisha kanuni yake ya kuinua mizigo mwaka 1991 haikuanza na kilo 50. Ilianza na kilo 23, nazo ni kwa hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, kwenye kimo cha ngumi ukisimama mikono ikining'inia, una mahali pazuri pa kushika, na hauinuliwi mara kwa mara. Ukiusogeza mzigo sentimita 50 mbele, kikomo kinashuka hadi kilo 11.5. Ukiutoa sakafuni, kinafika chini ya 9. Ukigeuka nao kiuno, kinashuka tena. Mfuko uliokuumiza ulikuwa sakafuni, mbele yako, nawe uligeuka nao. Ulikuwa wa kilo 50.

Halafu idadi. Tani 30 ni mifuko 600. Kwa watu sita, kila mmoja ni mifuko 100, yaani tani tano zimepita mikononi mwako kwa gari moja. Mfupa, diski na kano haviumizwi na uzito uliozidi nguvu zake peke yake. Uzito mdogo kuliko huo ukirudiwa mara nyingi huacha michaniko midogo, na mwili huiziba ukipewa usiku na mlo. Gari la pili likija kabla haujamaliza kuiziba, deni linabaki. Umeifanya kazi hii miaka 15. Ule mfuko wa mwisho ulikuta kiuno chenye deni.

Naongeza mambo mawili ambayo wapakiaji wengi hawajawahi kuambiwa. Usiku ukilala, diski hunyonya maji na kuvimba, kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuamka zimekaza na kuinama wakati huo huziumiza zaidi. Gari linalofika alfajiri na kuwakuta mmetoka usingizini ni hatari kuliko lile la saa nne. Na pia, ukikaa umejikunja muda mrefu, kwa mfano juu ya shehena kwenye Fuso inayorukaruka, kano za mgongo hurefuka na kulegea kwa muda. Ukiruka chini na kushika gunia papo hapo unabeba ukiwa huna ulinzi. Tembea kwanza dakika kumi, jinyooshe kwa nyuma mara kadhaa, ndipo ushike mzigo.

Kuhusu eksirei, tafadhali usiliogope neno "kusagika". Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi diski wala mshipa. Hata MRI, inayoonyesha vyote, hukuta diski zilizochakaa kwa watu wasioumwa kabisa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya vipimo vya maelfu ya watu wasio na maumivu, ukakuta diski zilizovimba kwa asilimia 30 ya wenye miaka 20, na asilimia 60 ya wenye miaka 50. Mtu wa miaka 36 aliyebeba mizigo tangu ujana lazima aonekane na uchakavu. Nimeona wanaume wenye afya wakiacha kuinama, wakiacha hata kumbeba mtoto, kwa sababu ya karatasi ile ya majibu. Kwa sasa usikope fedha kwa ajili ya MRI. Itahitajika kama mguu unazidi kudhoofika, kama kuna dalili za hatari nilizozitaja, au kama daktari anafikiria upasuaji.

Kulala siku kumi hakukukusaidia. Sikulaumu, ndivyo watu walivyoshauriwa kwa miaka mingi, hata na sisi wa hospitali. Siku moja au mbili za kujilaza zinakubalika, baada ya hapo misuli inanyong'onyea na mgongo unakakamaa. Tembea. Anza na dakika kumi, mara nne au tano kwa siku, kwenye ardhi tambarare. Lala kifudifudi dakika chache, kisha uegemee viwiko, uone mguu unasemaje. Hapa kuna kanuni ya kuishika vizuri. Maumivu yakipanda kutoka mguuni na kujikusanya kiunoni, hata kama kiuno kitauma zaidi kidogo, jambo hilo ni zuri, endelea. Yakishuka zaidi kuelekea kwenye unyayo, acha zoezi hilo. Mguu wako ndio utakaokuongoza kuliko ushauri wa jirani yeyote.

Sindano za diklofenaki zinanitia wasiwasi kuliko hizo pingili. Zinapunguza maumivu, sikatai, na kwa siku chache chini ya uangalizi zina nafasi yake. Lakini wewe unazitumia ili urudi kubeba, maana yake unazima kengele na kuuacha moto. Dawa hizo pia hutoboa tumbo kwa vidonda, hupandisha presha, na huumiza figo, hasa za mtu anayetoka jasho ndani ya ghala la mabati bila kunywa maji ya kutosha. Kama kuna hatari ya figo katika habari hii yote, ipo hapo. Na sindano ya tako ikichomwa pasipostahili inaweza kuujeruhi mshipa ule ule unaokuuma. Usichomwe tena dukani. Mweleze daktari zote ulizochomwa, naye apime presha na figo.

Huyo fundi wa kuvuta, mwambie asante, lakini hapana. Ziko tiba za mikono zinazosaidia, tunazifanya baada ya kupima nguvu za misuli, ganzi, na jinsi goti na kifundo vinavyoitikia vikigongwa. Kumvuta kwa kishindo mtu mwenye ganzi mguuni bila kumpima ni kucheza kamari na mshipa wake. Mafuta ya kuchua na kukandwa kwa maji ya moto, kama vinakupa usingizi, endelea navyo, havina ubaya.

Na upasuaji? Nikueleze kwa haki, kwa kuwa kuna wanaouogopa kama kifo na wanaoukimbilia kama muujiza. Kwa watu wengi, maumivu ya siatika hupungua ndani ya wiki sita hadi 12, na sehemu ya diski iliyochomoza mara nyingi husinyaa yenyewe, kwa sababu mwili huila taratibu. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 280 wenye siatika kali ya wiki sita hadi 12. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema, jingine liliendelea na tiba ya kawaida na kupasuliwa pale tu ilipolazimu. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Mwaka ulipotimia, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Kwa hiyo kama mguu haudhoofiki na unaweza kuvumilia, una muda. Kama maumivu yanakunyima usingizi na wiki 12 zimepita bila mabadiliko, upasuaji ni chaguo la heshima.

Sasa nije kwa nyapara na mkanda wake. Mikanda ya mgongo imechunguzwa sana. NIOSH walipitia ushahidi mwaka 1994 wakakataa kuipendekeza kwa mtu asiyeumia, kisha wakafuatilia wafanyakazi zaidi ya 9,000 wanaohamisha bidhaa madukani, matokeo yakachapishwa mwaka 2000: waliovaa na wasiovaa waliumia sawasawa. Ukiwa na maumivu, mkanda unaweza kukupa faraja ya saa chache. Hatari yake ni kukufanya ujione una nguvu usizokuwa nazo.

Na hilo la "ajifunze kubeba" lina ukweli nusu. Mbinu zipo, nitakupa. Lakini tafiti zilizokusanya matokeo ya mafunzo ya kunyanyua peke yake hazikuona kwamba yanazuia maumivu ya mgongo. Sababu ni nyepesi ukiijua kazi: mtu anaweza kukunja magoti kwa mfuko wa kwanza hadi wa ishirini. Ikifika wa themanini, paja limekwisha, jasho limeingia machoni, dereva anapiga honi, na mwili unachagua njia inayochosha kidogo, nayo ni kuinama. Kumwambia mtu huyo abebe vizuri huku mfuko uko sakafuni, ni wa kilo 50, na malipo ni ya gari zima, ni kumtwisha lawama juu ya mzigo. Naamini kuumia kwako kulianza kwenye mapatano ya malipo. Ungekuwa unalipwa hata ukisimama, ungesimama pale kiuno kilipolia.

Husemwa pia kwamba watu wetu wamezoea kubeba. Upo utafiti mashuhuri wa Kenya, wa mwaka 1986, uliopima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu. Ilionekana wanaweza kutembea na mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada. Ni jambo la ajabu na la kujivunia. Ila asilimia 20 ya mwanamke wa kilo 60 ni kilo 12, zimebebwa kwa kichwa. Gunia la kilo 100 begani mwa mwanamume wa kilo 65 ni habari nyingine kabisa, na hakuna mazoea yanayolifanya kuwa jepesi kwa diski.

Nchi nyingine zimelitatua hili kwenye mfuko wenyewe. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 liliweka kilo 55 kuwa juu kabisa kwa mwanamume mtu mzima, na hata hizo leo wataalamu wengi tunaziona nyingi. Chile ilitunga sheria mwaka 2016 iliyoshusha kikomo kutoka kilo 50 hadi 25. Jirani zetu Kenya, kanuni zao za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Kwetu Tanzania lumbesa imepigwa marufuku na Wakala wa Vipimo unaisaka, gunia lisizidi kilo 100. Lakini marufuku hiyo ilitungwa ili mkulima asipunjwe, haikutungwa kwa ajili ya kiuno cha kuli. Ningependa tuanze kuzungumza juu ya hilo la pili.

Unachoweza kukibadilisha ghalani kwako, kwa maelewano na wenzako, ni zaidi ya unavyodhani. Ondoeni mfuko sakafuni. Paleti mbili tupu zilizopandana chini ya shehena zinaupandisha mfuko wa chini hadi karibu na goti, na hakuna badiliko rahisi kama hilo linalookoa viuno vingi zaidi. Mtu aliye juu ya gari asogeze mfuko mpaka ukingoni, aliye chini aupokee kifuani au begani, usishuke sakafuni kamwe. Toroli hata la kukodi litafute, na ulisukume badala ya kulivuta. Ukigeuka, geuza miguu, kitovu na vidole vya miguu vitazame upande mmoja. Gunia la kilo 100 libebeni wawili, mkijua kwamba nguvu za wawili si mara mbili ya mmoja, hupungua hadi kama theluthi mbili ya jumla yao, kwa hiyo bado ni zito. Badilishaneni nafasi kila mifuko kadhaa, wa juu ashuke, wa kupanga aende kwenye toroli. Kunyweni maji. Na kandambili, mdogo wangu, ziache nyumbani. Kuteleza na kilo 50 begani kunavunja zaidi ya kiuno.

Uache kazi? Sitakuambia uache, kwa sababu najua watoto watatu hawali ushauri. Nakuambia usirudi kwenye saruji sasa hivi. Omba wiki chache za kazi nyepesi: kuhesabu, kushona magunia, kufagia, kuongoza magari, kusukuma toroli. Wakati huo jenga kiuno nyumbani kwa dumu la maji. Maumivu yakishatoka mguuni, anza na la lita tano: simama karibu nalo, miguu imeachana, sukuma makalio nyuma, kunja magoti kidogo, mgongo umenyooka, nyanyuka nalo likigusa mapaja. Mara kumi asubuhi, ila si katika saa ya kwanza baada ya kuamka, na mara kumi jioni. Wiki moja au mbili bila mguu kuuma, nenda lita kumi, kisha 20, ambayo ni kilo 20. Ukifika hapo na mguu ukiwa kimya, rudi kwenye mizigo kwa nusu siku. Wengi huhitaji miezi miwili hadi mitatu. Ukiona kila ukirudi kwenye magunia mguu unarudia, hata baada ya kujijenga hivyo, hapo ndipo nitakushauri kwa moyo mzito utafute kazi nyingine. Bora iwe sasa, ukiwa na miaka 36 na mguu mzima, kuliko ukiwa na 45 na mguu unaoburuta.

Lipo suala moja hukuliuliza, na ulipaswa kuuliza: nani alipe. Umeumia kazini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaofanya kazi tangu 2015. Mwajiri ndiye anayeuchangia, hakipaswi kukatwa kitu kwenye ujira wako. Mafao yake yanagusa matibabu, kipato unachokosa ukiwa huwezi kufanya kazi, ulemavu, na huduma za utengamao kama hizi ninazozitoa mimi. Ukiambiwa kwamba kibarua hana haki, usikubali kabla hujawauliza WCF wenyewe. Na usalama wa ghala lenyewe, jinsi mizigo inavyopangwa na kushushwa, uko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Wanapokea malalamiko.

Fanya haraka, maana wiki sita zimeshapita na kila siku inayopita inampa mtu nafasi ya kusema uliumia nyumbani. Andika taarifa ukurasa mmoja: tarehe na saa, namba ya gari kama unaikumbuka, ulikuwa unashusha nini, kiuno kililia ukifanya nini, nani walikuwepo, na lini ulikwenda hospitali mara ya kwanza. Wenzako wawili waliokuona waweke sahihi. Mpe mwajiri nakala, naye asaini kwamba ameipokea. Kisha nenda kliniki wiki hii ukapimwe nguvu za mguu, na mwambie daktari aandike kwenye faili kwamba umeumia ukishusha mzigo kazini, kwa maneno hayo, maana faili lililoandikwa "maumivu ya mgongo" tu halitakusaidia. Kadi za hospitali, risiti za dawa na ile eksirei viweke kwenye bahasha moja, na kila karatasi uipige picha kwa simu.